Mama Rehema Hapa

Rexdale, Alhamisi, Novemba 1993

Rehema wangu amewanasa! Wale Wazungu wanaofanya mazoezi ya bunduki na kutaka sisi tufukuzwe, amemjua hadi polisi anayewatonya. Miezi yote hii amezungumza nao kwa simu akijiita Karen, na kwa Kiingereza chake wakaamini ni Mzungu mwenzao. Na mimi nilivyokuwa nikimgombeza kwamba Kiswahili kimemfia mdomoni! Kumbe Mungu alikuwa anamwandaa. Nani mwingine katika jengo hili ana mtoto kama huyu?

Lakini leo...

Aliniambia, "Mama, simu nyeupe usiiguse." Mchana ikalia, ikalia. Nikadhani ni mhariri wake, nikaipokea kama ninavyopokea simu siku zote: "Mama Rehema hapa." Mwanamume akauliza Rehema ni nani. Laiti ningekata! Nikamjibu kwa madaha, "Binti yangu, mwandishi wa gazeti." Akacheka kidogo, akakata. Kumbe ndiyo simu ya Karen.

Nimemponza mtoto kwa jina nililompa mwenyewe.

Rehema hakunigombeza. Alisema tu, kwa Kiswahili chake kibovu, "Mama, umewapa mimi." Kisha akafungasha nguo, akaenda kwa rafiki yake huko Markham. Habari itatoka Jumamosi. Polisi wao akitaka, nambari ile ya simu itamleta hadi mlangoni.

Anataka nami niondoke kesho. Nitaondokaje, na kanisa zima nimelialika kula pilau ya kumpongeza, hapa hapa, Jumapili?