Bandeji ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Watoto kumi na wanne, wauguzi wawili. Mtoto wa Asumpta wa Matombo, njiti wa kilo moja na robo, kanula, sindano ya dripu, imechomoka tena. Ya tatu tangu Ijumaa. Mwenzangu kachoma mara mbili, kakosa. Mimi mara moja tu, nikapata mshipa mgongoni mwa kiganja cha kushoto. Nilijisikia bingwa. Nikazungusha plasta, juu yake bandeji mpaka vidoleni, isichomoke tena. Kwenye kifundo cha mkono huo huo ana uzi mweusi aliofungwa na bibi yake, mama wa Asumpta. Nimeuacha. Umelegea, kidole changu kinapita.

Jumanne, 4 Machi
Kila saa tunatakiwa kuangalia sindano ilipoingia, kisha kuandika. Bandeji ile kuifungua na kuifunga upya ni kazi. Nikatazama juu juu. Nikaandika "haijavimba". Saa nne, saa tano, saa sita. Mchana alilia sana. Nikamwambia mama yake ana njaa.

Jumatano, 5 Machi
Siwezi kula. Asubuhi nimekuta vidole vyeupe, vimevimba. Nimefungua bandeji mwenyewe. Dripu ilikuwa inamwagikia chini ya ngozi. Mkono umejaa, malengelenge kila mahali. Wa zamu ya usiku waliniamini, wakanakili nilichoandika. Uzi ulikuwa umezama kwenye uvimbe. Msimamizi wa wodi akaukata kwa mkasi, akamgeukia bibi wa mtoto: "Mmeona sasa? Hivyo vijiuzi vyenu!" Sikumtetea. Mimi niliyejua uzi ulikuwa umelegea. Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari hana uhakika kama vidole viwili vitapona. Jalada linasema chanzo ni uzi. Bibi anashinda nje kwenye benchi, amekatazwa kuingia. Asumpta hamsemeshi mama yake. Leo kamwambia arudi tu Matombo. Nilipopita, Bibi kaniuliza, "Mwanangu, hivi kweli ni mimi?" Nikasema nina wagonjwa wananisubiri.

Ijumaa, 7 Machi
Mapumziko. Nimefua sare, maji yakakatika katikati. Nimekaa uani, povu mikononi, nalia. Majirani zangu hapa Kihonda wakadhani nimefiwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesema. Kwanza kwa msimamizi. Akauliza kama najua nitaandikiwa barua ya onyo. Najua. Nikaandika kwenye jalada, chini ya maneno yangu yale yale: bandeji ilifunika, sikufungua, nilidanganya. Kisha nikaenda kwenye benchi. Nikamwamkia. Nikamweleza Bibi mbele ya binti yake. Asumpta kanitazama. "Ulisema ana njaa." Bora angenitukana.

Jumatatu, 17 Machi
Barua imekuja. Nabaki wodini, chini ya uangalizi. Kidonda kinakauka. Vidole vitatu vinafumba, viwili bado. Kanula iko mguuni, kwa plasta nyembamba, ngozi inaonekana. Nimeiangalia kila saa.
Bibi anaingia siku hizi. Leo kaleta uzi mwingine, akaufunga mkono wa kulia, kisha akaniita.
"Pitisha kidole. Ndipo uandike."
Nikapitisha. Nikaandika.