Nilikuwa Nakimbia Watu Wakiwa Wamelala

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, mlima umejifunika.

Kuna jambo ambalo hadi jana sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kwa wiki tatu nilikuwa naamka saa kumi alfajiri na kukimbia peke yangu, kutoka getini kwetu hadi kwenye daraja la mfereji, kwenda na kurudi mara nne.

Mchana siwezi. Njia yetu ina wazee, na mzee hapitwi mbio. Lazima usimame, utoe shikamoo, uulizwe habari za mama, za baba, za shule. Ukikutana na watano, mazoezi yamekwisha. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba naona aibu kutazamwa nikihema.

Mimi ni mtu wa vitabu. Wazazi wangu wanafanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, huku juu naishi na bibi. Shuleni nakaa dirishani, na mapumziko nayamalizia hapo hapo nikisoma. Ndiyo maana lilipobandikwa tangazo kwamba wanafunzi ishirini wa kidato cha tatu watapanda mlimani hadi kituo cha kwanza na kulala huko, niliandika jina langu kabla sijapata muda wa kuogopa. Sikuwaza mlima. Niliwaza watu ishirini wakinywa uji kwenye meza moja, nami nikiwa mmoja wao.

Kupata nafasi, unatembea kutoka shuleni hadi kanisa la juu bila kuachwa na kundi.

Nikajipangia: nasoma hadi saa sita usiku, naamka saa kumi. Wiki ya kwanza nilijiona shujaa. Ya pili magoti yakaanza kuuma. Ya tatu nilisinzia kwenye kipindi cha fizikia hadi kalamu ikanidondoka, na daraja nililokuwa nalifikia bila kusimama likawa mbali. Nikadhani ni uvivu.

Nikaanza kuamka saa tisa.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya jaribio. Hata nusu ya njia sikufika. Niliketi kwenye jiwe nipumzike kidogo, nikalala. Nililala kweli, begi mgongoni. Mwalimu wa michezo ndiye aliyeniamsha akiwa anashuka na wenzangu. Mmoja akasema mimi kituo cha kwanza nimeshafika, tena nimeshapewa kitanda. Wakacheka. Nikacheka nao, maana usipocheka inakuwa mbaya zaidi. Mwalimu akaniambia nimebakiwa na nafasi moja, Jumamosi ijayo.

Jioni baba mdogo, ambaye kazi yake ni kuongoza watalii mlimani, alipita kumletea bibi sukari. Nikamwuliza, kama swali la darasani tu, mtu anayetaka pumzi aongeze mazoezi gani. Alinitazama macho.

"Unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, na mbio za alfajiri nikazitaja.

"Sasa mwanangu, huo mwili utajijenga saa ngapi? Mgeni asiyelala mimi simpeleki kileleni, hata awe mwanajeshi. Kukimbia kunakuchosha tu. Nguvu inaingia ukiwa umelala."

Nilitaka kulia, na si kwa ajili ya nafasi. Wiki tatu nimechoka na hakuna aliyejua, na ni mimi niliyehakikisha hawajui.

Sijui kama siku sita zinatosha.

Saa tatu usiku niliipeleka simu yenye kengele chumbani kwa bibi, nikamweleza kila kitu. Aliuliza tu kama mbwa wa jirani hawakunikimbiza. Nikasema wamenizoea. Akasogea ukutani, akaniachia nusu ya kitanda.

Nilipoamka kulikuwa kweupe. Bibi, ambaye sijawahi kumwona akikosa ibada ya kwanza, alikuwa ameketi barazani na kitenge chake cha Jumapili, kitabu cha nyimbo mapajani, ananingoja. Nikanawa uso, nikanywa chai, tukaenda ibada ya pili.