Walichokiita Wito

Unguja, 9 Agosti 1956

Dada yangu Filomena,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na wewe utakuwa wa kwanza kulijua. Lakini adabu kwanza: shikamoo dada. Vipi hali yako huko Tanga, shemeji naye, na mwanenu ameshaanza kutambaa? Mimi mwili sijambo.

Hapa misheni bweni limejaa. Wapo Wagoa, Washelisheli, Wanyamwezi na Mmakonde mmoja, na masista wenyewe Wazungu. Kila kundi lina lugha yake ya kuchekea. Yvette, Mshelisheli, huniita Bibi Sanamu. Anasema siku nikicheka atawaita watu wa Darajani nzima waje kutazama. Salama yangu ni mezani, kwa kuwa tunakula kimya na mmoja husimama kutusomea maisha ya watakatifu. Kitabu hupewa mimi kila siku, maana sikwami.

Ukimya huo na usomaji huo ndivyo vilivyoniponza. Mwezi uliopita Mama Mkuu alitangaza mbele ya wote kwamba nina wito, na kwamba Januari nitapelekwa bara kwenye nyumba ya wanovisi, wanakoandaliwa masista. Wasichana wakapiga makofi. Baba akaitwa kutoka Kiembe Samaki. Alilia kwa furaha, dada, baba yule ambaye hakulia hata siku tuliyomzika mama. Ameshawatangazia majirani wote. Bi Mwatima, ambaye kwao Waislamu hakuna usista, alimwuliza basi mahari ya mtoto huyu ataileta nani. Baba akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi nataka kuwa mwalimu. Bwana Gharib anayetufundisha hesabu amesema mtihani wa ualimu nitaupita, ila majina yanafungwa mwisho wa wiki hii. Nilimwambia Mama Mkuu kwamba sijioni kuwa sista. Akatabasamu, akasema huo ndio unyenyekevu, wateule wote huogopa. Nikinyamaza ni wito. Nikikataa ni wito zaidi. Nipite wapi?

Sasa lile jambo. Wananisifu kwa sababu wenzangu wakishatoka kanisani, mimi hubaki nimepiga magoti. Siombi, dada. Najificha. Pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna wa kunisemesha, na kichwani huwa naendelea na hadithi niliyoiacha darasani.

Jana barua hii niliishia hapo. Leo baba amekuja kutia sahihi ya kunitoa kwa masista, nami nikawaambia yeye na Mama Mkuu maneno hayohayo. Mama Mkuu hakutabasamu tena. Aliniuliza tangu lini. Nikasema tangu nilipofika. Baba akaweka kalamu chini, akasema kumbe amejigamba mtaa mzima kwa kitu kisichokuwapo. Nilimsindikiza hadi Darajani. Akapanda gari la shamba la kurudi Kiembe Samaki bila kuniaga.

Tafadhali mwandikie, wewe huwa anakusikiliza. Nisalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Kutoka Darajani sikurudi bwenini. Nilikwenda shuleni, nikamkuta Bwana Gharib anafunga madirisha, nikamwomba aandike jina langu. Akafungua tena moja apate mwanga, akaliandika.

Mdogo wako akupendaye,
Dorotea