Herufi Saba Kwenye Benchi

Mpendwa Mama Abdi,

Najua barua hii utasomewa, maana Kiswahili unakiongea tu, kwa karatasi hukijui. Nani atakusomea sijui. Labda Abdi, labda mkewe, yule ambaye kwenye video hupita nyuma yako akibeba nguo. Asome tu. Kwa simu mambo haya hayasemeki, kwa sababu kila ukipiga unaweka spika na wajukuu wanakuja kuniuliza kama niko na ngamia.

Miaka sita ulikuwa na duka la nguo hapa Kitengela, na mimi na cherehani yangu kwenye baraza lako. Siku Abdi alipokuambia umepata nafasi ya kumfuata ng'ambo, lakini utahojiwa kwa Kizungu bila mkalimani, ulitoka na mashati mawili mkononi kama mtu anayetaka kupunguziwa mikono. Hukutaka kupunguziwa chochote.

"Mama Sifa, wewe umesoma mpaka form four. Nifundishe."

Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nikakuambia ngoja. Ukangoja palepale, umenisimamia, mpaka nikaona heri nikubali nifanye kazi yangu.

Sikuwa na vitabu. Nilichukua kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola, nikakikata vipande vidogo, nikaandika herufi kwa biro na kuvitia kwenye mkebe wa vifungo. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza, ulitoa saba bila kuangalia ukazipanga kwenye benchi, tukatafuta maneno ya Kizungu yaliyokuwa ndani yake. Sheria niliiweka mimi: neno halihesabiki mpaka ulionyeshe kwa kidole, hapohapo ulipokaa. Niliiweka kwa sababu ulikuwa unakariri kama kasuku, na mtu anayehojiwa hawezi kuwa kasuku.

Ulianza na hat, pin, bag. Siku moja ukapanga goat. Nikakuambia hapa ni duka la nguo, hakuna mbuzi. Ulikataa kuondoa zile herufi. Wateja wakakaa pembeni kwa shida, wewe umezilinda kwa mkono, mpaka saa tano mzee mmoja wa Mashuuru aliposimamisha pikapu mbele yetu kuulizia shuka, na nyuma amepakia mbuzi wanne. Wallahi ulivyoruka! "Goat! Goat! Goat! Goat!" Ulitaka pointi nne. Mzee akanisalimia kwa Kimaasai, "Sopa," kisha akaniuliza polepole kama huyo mama ni mzima. Nilikupa moja. Ulininunia mpaka adhuhuri.

Sasa nifike kwa kile kilichonifanya niandike.

Tarehe ya kwanza ya mahojiano ilipokaribia, uliniuliza, "Niko tayari?" Nikakujibu, "Bado. Watakuaibisha. Mwambie Abdi asogeze." Hukubishana. Ulimpigia mbele yangu, akasogeza miezi minne.

Ulikuwa tayari, Mama Abdi. Wiki hiyohiyo ulikuwa umemuuzia mzungu mmoja dera mbili, mkaongea na kucheka, na mimi nimeinamia cherehani nikisikia kila neno. Nilikudanganya. Sina sababu kubwa ya kukupa. Sikutaka kubaki peke yangu kwa baraza, basi. Na ndani ya hiyo miezi minne mjukuu wako wa pili akazaliwa. Ulimwona kwa simu, umesimama katikati ya duka, unamwambia Abdi amfunike kichwa, na Abdi hakusikia kwa sababu network ilikuwa mbaya. Mimi nilikuwa natia vifungo. Nilitia kimoja mahali si pake na sikukitoa.

Ulipokwenda hatimaye, ulipita. Ulirudi ukaniambia wamekuuliza kwa nini unataka kusafiri, ukajibu, "My son," ukatoa picha ya Abdi na kuiwekea kidole juu. Yule afisa wa dirishani akacheka, ukadhani umekosea. Mimi nilijua hujakosea. Nilikupongeza, nadhani. Kama sikukupongeza, hongera.

Asubuhi ya mwisho ulitoa herufi saba kama kawaida, ingawa duka lilikuwa tupu na mizigo iko mlangoni. T, O, H, S, E, M, R. Mimi nikaona shoe haraka, nikaonyesha kiatu chako. Nikaona hem, nikaonyesha pindo la sketi niliyokuwa nashona. Wewe ulizisogeza moja moja kwa kidole. Halafu ukapanga nne tu: home. Ukaweka kidole kwenye benchi, kati yako na mimi, ukakikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Nikasema, "Hiyo haihesabiki. Home ni kule unaenda."

"Sheria ni yako, Mama Sifa. Nimeonyesha."

"Haihesabiki."

Kisha nikakanyaga cherehani, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshaisha chini ya sindano. Ulizikusanya herufi, ukazirudisha kwenye mkebe na kufunga kifuniko vizuri. Gari likaja. Nilikuwa na hasira na wewe kwa sababu ulikuwa unaondoka, na hasira na mimi kwa sababu ungeweza kuondoka mapema.

Duka sasa liko na mama anayeuza vyombo vya plastiki. Alitaka benchi litolewe apange beseni. Nililivuta upande wangu, hatua nne hivi. Wateja wa Kisaju hulikalia wakingoja nguo zao. Juzi asubuhi, kabla hawajafika, nilitoa zile herufi nne, nikazipanga mahali ulipozipanga, nikaweka kidole. Mama wa plastiki akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia kuna mtu nilimnyima pointi yake, ninamrudishia.

Kwa hiyo iko. Moja, ya Mama Abdi. Ile miezi minne siwezi kuirudisha, na kwa hiyo naomba msamaha. Anayekusomea asiruke hapo, arudie mara mbili.

Nisalimie yule mjukuu mdogo. Siku ukimfundisha kusoma, usimwekee sheria ya kidole.

Ni mimi wa baraza lako,
Mama Sifa