Robo Ngapi Zimo Ndani ya Nusu

Kaka,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Bati la jikoni tumeliziba. Habari za nyumbani zimeishia hapo. Yanayofuata nakuandikia wewe kama mkaguzi wa shule.

Jumanne uliingia darasani kwangu na suti yako, ukafuta mstatili niliowachorea watoto, ukaandika nusu gawanya kwa robo. "Geuza, zidisha, jibu mbili. Michoro ni ya chekechea."

Yule msichana wa dawati la mbele akakuuliza kwa adabu, "Samahani, tumegawanya, mbona jibu limekuwa kubwa kuliko nusu?" Ukamwambia ndiyo kanuni. Akauliza tena, "Hizo mbili ni mbili za nini?" Ukamtoa nje, akasimama juani mpaka kengele. Muhula mzima alikuwa hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo ilikuwa ya kwanza, na tangu hapo hajaunyoosha tena.

Ripoti yako nimeisoma. Kuanzia wiki ijayo nimenyang'anywa hisabati. Sawa, kalamu unayo wewe. Ila usinipigie tena simu kuniuliza mbona nimenuna.

Ndani ya bahasha kuna ukanda wa karatasi. Ukunje katikati, ukunje tena, kisha uufungue uhesabu robo zilizomo ndani ya nusu. Hukumjibu kwa sababu hukujua, na mimi nilikuona hujui. Ukishaziona, njoo umjibu yule mtoto mbele ya wenzake.

Mimi usinijibu.

Nduguyo kwa kuzaliwa tu,
Mwalimu wa darasa la nne