Mto wa Umeme wa Faris

Jumatatu, 27 Oktoba 2003
Ramadhani imeingia na daktari kaninyima saumu. Jumamosi anataka kunifungua kifua kama kopo la nyanya. Haya. Nimechoka hata kubisha. Mchana nimekula jikoni na Loise, mpishi wetu, Mkristo kutoka Kisii. Yeye hafungi, mimi siwezi. Tumekula kimya kama wezi. Binti yangu Masuda keshampigia nduguye. Faris anafika keshokutwa.

Jumanne, 28 Oktoba
Faris kapiga simu kutoka huko kwenye theluji, kaskazini dunia inapokwisha. Kazi yake kupima mto wa umeme unaopita angani, maili sitini juu, hauna waya wala nguzo. Jua likichafukwa, mto hufura, na sindano za dira huko chini huyumba. Siku moja nilimuuliza kama una samaki. Hakucheka.
Leo jua limechafukwa kweli. Mafuriko kesho — miaka minne anayangoja! Hata hivyo atakuja, kasema. Sauti ya mtoto aliyenyang'anywa kashata.
Nikamwambia operesheni imeakhirishwa mpaka baada ya Idi. Kaa na mto wako. Na usimsumbue dada yako, nitamwambia mwenyewe.
Loise alikuwa anamenya vitunguu. Nikamwambia hajasikia kitu. Akasema yeye hajasikia, mzee, ila Mungu kasikia.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimetoa dira yangu ya kibla. Sindano inatetemeka! Nikamwita Loise: mto umefika mpaka hapa mtaani kwetu, Al Warqa. Akaichukua, akaiweka mezani. Ikatulia tuli.
"Ni mkono wako, mzee."
Masuda karudi peke yake kutoka uwanja wa ndege. Nikamwambia labda hilo jua limezuia ndege. Kaamini, maskini, na digrii yake.

Alhamisi, 30 Oktoba
Faris tena, dakika mbili. Hajalala. Sindano zimepita alama ya mwisho, mbingu nyekundu, kijani. "Baba, ungeona!" Na huyu ndiye aliyefeli hesabu skuli. Nimecheka hadi kifua kikauma. Habari ya Jumamosi sikumwambia. Nilitaka.

Ijumaa, 31 Oktoba
Masuda kanifungia mkoba. Kanzu mbili, mswaki. Hospitali kesho saa moja asubuhi. Loise katia na dira bila kuambiwa, nimeitoa.
Simu imelia sebuleni. Masuda kafurahi, kamuuliza Faris yuko uwanja gani. Halafu:
"Imeakhirishwa? Nani kasema?"
Ndara zake zinakuja huku. Simu hajaikata. Dira nimeiweka mezani, imetulia. Kalamu ndiyo inayotetemeka —