Spika Zako ni Nzima, Dada

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, tarehe 14, saa nne asubuhi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limeacha visa vyake. Shemeji hajambo? Wapwa zangu je? Yule mkubwa amemaliza mitihani, au bado anamaliza chakula tu? Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, bintiyo mzima anarefuka kila siku, na mimi... haya, mimi nimekaa nakuandikia, kwa hiyo soma polepole na usimpigie wifi yako simu kabla hujafika mwisho.

Najua utashangaa, barua ya nini wakati simu ipo. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na wifi yako hajui ninachotaka kukuambia. Halafu unanijua. Ungesema haloo mara mbili tu, ningelia.

Kwanza, zile spika za masikioni ulizoninunulia. Dada, ni nzima. Za kwanza zilikuwa nzima, na hizi ulizobadilishiwa ni nzima pia. Yule muuzaji uliyemgombeza mbele ya wateja alikuwa anasema kweli, maskini wa Mungu. Naona aibu hata kuliandika hili. Mimi ndiye niliyekutuma vitani, nikakwambia kushoto sauti imelala, besi ipo lakini juu hakuna kitu, na wewe kwa kunipenda ukaenda kumtoa mtu wa watu jasho.

Ilikuwa hivi. Bosi wetu ameamua studio nzima ipate spika mpya za masikioni, zile za bei ya kushika kichwa. Akaleta jozi tatu, za makampuni matatu, nizilinganishe. Nani mwingine? Si unajua kazi yangu: kitabu kikishasomwa na kurekodiwa, mimi ndiye msikilizaji wa mwisho kabla hakijatoka. Msomaji akimeza mate, nasikia. Kiti kikilia, nasikia. Hata kazini wananiita Popo, na wallahi sikuwaambia kwamba ndilo jina mlilonibandika nyumbani.

Nikakaa na daftari siku tatu. Jozi nyeusi, besi yake nzito, inakukalia kifuani, lakini sauti ya mwanamke inatoka kama amejifunika shuka. Ile ya rangi ya fedha ni nyepesi, safi, kila neno limesimama peke yake, ila ukisikiliza saa nzima herufi S zinaanza kukuchoma. Ya tatu, yenye waya wa kusuka, hiyo niliipenda mno: unamsikia msomaji, na unakisikia chumba alichokaa, ukubwa wake, hata kama kina mapazia. Niliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri. Na chini ya kila jozi nikaongeza: upande wa kushoto hafifu.

Jozi tatu, Dada. Ukiongeza zako mbili, tano. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikazunguka studio nikilalamika kwamba viwanda vya siku hizi vinatengeneza takataka. Fundi mitambo wetu, yule mama mcheshi niliyewahi kukusimulia, aliniangalia tu. Saa ya chakula, watu walipotoka, akaniambia nizigeuze: ya kushoto niivae kulia, ya kulia niivae kushoto. Nikacheka. Nikazigeuza. Ule uhafifu ukabaki palepale, kushoto kwangu.

Nikajaribu jozi zote. Nikabadilisha vile vimpira, vidogo, vikubwa. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikajaribu tena. Mwishowe nikaiangusha ile ya fedha chini ya meza. Fundi akaiokota, akaipangusa kwa ncha ya blauzi yake.

Usinicheke, lakini nilipata matumaini nilipofikiria kwamba labda ni nta ya sikio tu. Nimetia mafuta ya vuguvugu siku nne, nimelala ubavu kwenye kochi, wifi yako nikamdanganya ni mafua. Wapi! Daktari wa masikio amechungulia na kitochi chake, akasema ndani ni safi kama sahani iliyooshwa. Alhamisi atanipima kwa mashine. Aliniuliza kama kwetu yupo aliyepoteza usikivu. Nikasema baba. Akaandika, na mimi nikabaki naiangalia ile kalamu.

Sasa sikia linaloninyima raha kuliko yote. Mwezi uliopita nilipitisha kitabu kimoja, nikatia sahihi, kikatoka. Wasikilizaji wameleta malalamiko: kushoto kuna mluzi mwembamba, kuanzia sura ya pili hadi mwisho. Bosi amempa Fundi barua ya onyo, eti hatunzi mitambo yake. Likitokea tena, anaondoka. Fundi anajua vizuri mluzi ule ulipita kwa nani. Amenyamaza kwa ajili yangu, hii ni wiki ya pili, na kila asubuhi ananisalimia kama kawaida na kuniuliza habari za nyumbani. Bora angenitukana.

Lakini nikisema, nabaki na nini? Mpishi asiyejua chumvi utampa jiko gani? Miaka kumi na tisa nimekula kwa masikio haya, kazi nyingine siijui. Na kitabu kingine kinanisubiri kesho kutwa nikisikilize na kutia sahihi. Naamka asubuhi nimeuma meno. Nikipiga mswaki nafunga bomba nisikie kama bado nasikia matone yakidondoka. Ni wazimu, najua.

Na baba hanitoki kichwani. Unakumbuka alivyoficha? Miaka yote ile mbele ya msumeno wa mbao, halafu nyumbani kila akiulizwa anajibu ndiyo. Tulimcheka, kinara nikiwa mimi. Nilikuwa namwomba ruhusa ya kutoka kwa sauti ya chini makusudi, akisema ndiyo tu, mbio! Mama alipotugombeza tulisema si amekubali mwenyewe. Siku hizi na mimi nasema ndiyo, Dada. Juzi nimemwambia wifi yako ndiyo, kumbe aliuliza kama nimefunga mlango au nimeuacha wazi.

Kuna jambo jingine, na ndilo lililonikalisha kwenye kiti hiki. Ijumaa bintiyo alitaka kunisomea insha yake ya shule. Alisimama mlangoni na daftari lake, na unamjua kwa kisauti chake kile. Sikutaka linipite hata neno moja, nikageuza uso ukutani ili sikio la kulia limwelekee. Akasoma mistari miwili, akaacha. Akaniuliza, "Baba, umekasirika?"

Nilikuwa namsikiliza kwa nguvu zangu zote.

Dada, siku ile unaondoka nyumbani, ulisimama mlangoni na sanduku lako, ukamuaga baba, na yeye akageuza uso akatazama ukuta. Umeibeba siku ile miaka yote. Hata kwenye msiba wake uliniambia kwamba alikataa kukuangalia. Mimi sina ushahidi, na mwenyewe hayupo tumuulize. Lakini nimekikalia kiti chake sasa, na nadhani mzee wetu alikuwa anajaribu kukusikia.

Sikutaka kukuliza. Au labda nilitaka, nisilie peke yangu.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao, naingia kwa Bosi. Nitamwambia mluzi ule ni wangu, onyo alifute kwenye jina la Fundi, na sikio langu la kushoto lina kasoro. Ripoti ya spika ninayo tayari: wanunue ile yenye waya wa kusuka. Nimefuta ile mistari ya kushoto hafifu, yote mitatu. Jioni nitamwambia wifi yako, na bintiyo nitamweleza kwa nini nilitazama ukuta. Baada ya hapo sijui, Dada. Huenda Jumanne sina kazi. Naogopa sana, na nimekuandikia ili nisiweze tena kurudi nyuma.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, na shangazi mshonaji ukimwona, mwambie suruali yake bado naivaa, ila kiuno kimeanza kulalamika. Wifi yako anakusalimu sana, anadhani nakuandikia habari za bati linalovuja. Bintiyo anauliza shangazi yake anakuja lini.

Mungu akuweke, akulainishie goti, na akuachie masikio yako yote mawili hadi uzeeni.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Popo

Nilitaka kusahau: pita kwa yule muuzaji, umwombe radhi kwa niaba yangu. Na ukija huku usisimame mlangoni. Ingia, ukae kulia kwangu.